Maisha ya Chapman yana funzo kwa mafundi wetu

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kakamega hupita Sigalagala kabla ya kufika Khayega, na asipokuwa mwangalifu huenda asitambue kwamba amepita mahali ambapo vijana wengi wa magharibi mwa Kenya walijifunzia kushika spana. Chuo cha ufundi kilichoko hapa, ambacho siku hizi kina hadhi ya politekniki ya kitaifa, kimewalea mafundi wa magari, wachomeleaji vyuma, mafundi wa umeme na waashi. Mimi ni mkazi wa sehemu hizi na ni mwalimu wa fizikia. Kwa miaka mingi vijana wa aina hiyo wamekuwa wakiniuliza swali moja: je, mtu asiye na mamilioni ya pesa anaweza kujiundia gari lake mwenyewe, tena lenye kasi?

Jibu langu huwa ni ndiyo, na huwapa mfano wa Mwingereza mmoja aliyefariki mwaka 1982, marehemu Colin Chapman, mwanzilishi wa magari ya Lotus. Hata hivyo, huwaonya kwamba maisha ya bwana huyo ni kisu chenye makali pande mbili. Upande mmoja unafunza jinsi akili inavyoweza kuchukua nafasi ya pesa. Upande wa pili unafunza kwamba fundi asiyejua mahali pa kukoma anaweza kupunguza hata kile ambacho hakifai kupunguzwa. Vijana wetu aghalabu husimuliwa upande wa kwanza tu, na ndiyo sababu nimeshika kalamu leo.

Anthony Colin Bruce Chapman alizaliwa tarehe 19 Mei 1928 huko Richmond, Uingereza, akalelewa Hornsey, kaskazini mwa London, ambako baba yake aliendesha hoteli. Alisomea uhandisi wa miundo katika University College London, yaani elimu ya kukadiria jinsi daraja au paa linavyobeba mzigo bila kuvunjika. Akiwa angali mwanafunzi alijiingiza katika biashara ya kununua na kuuza magari makuukuu. Mwishoni mwa mwaka 1947 serikali ilifuta mgao wa petroli kwa magari ya watu binafsi, na biashara hiyo ikaporomoka. Kijana akabaki na Austin Seven moja kuukuu isiyo na mnunuzi.

Badala ya kuketi akilia, alilivua gari hilo bodi lake, akaliundia jingine jepesi katika gereji ndogo nyumbani kwa wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams. Hilo ndilo lililokuwa gari la kwanza la Lotus, mwaka 1948. Miaka minne baadaye, 1952, aliunda kampuni kwa mtaji wa pauni 25 alizokopeshwa na Hazel huyo huyo, na karakana yao ikawa banda la zamani la farasi nyuma ya hoteli ya baba yake. Nawaomba wanafunzi waikumbuke karakana hiyo kila wanaposikia kwamba uvumbuzi hauwezekani mpaka kwanza kijengwe kiwanda.

Elimu ya madaraja ilimsaidia Chapman kuliona gari kwa jicho ambalo wengi hawakuwa nalo. Magari ya wakati huo yalijengwa juu ya vyuma viwili vizito vilivyolazwa kama reli. Yeye aliona kwamba mabomba membamba yakiunganishwa kwa pembetatu, mfano wa kenchi za paa, hubeba mzigo ule ule kwa chuma kidogo zaidi. Fremu tupu ya gari lake la Mark VI ilikuwa na uzani wa takriban kilo 25, sawa na nusu mfuko wa saruji. Gari jepesi huondoka upesi, hukata kona vizuri, husimama haraka linapopigwa breki, na hunywa petroli kidogo. Tena faida hizo zote hupatikana bila kununua injini kubwa.

Kadhalika, aliuza gari hilo kwa vipande ili mnunuzi ajiunganishie nyumbani. Enzi hiyo serikali ya Uingereza ilitoza kodi nzito kwa gari zima lililonunuliwa jipya, lakini haikutoza kodi hiyo kwa vipande. Sheria ilikataza kuambatanisha maelezo ya kuunganisha vipande hivyo. Inasimuliwa kwamba Chapman aliwapa wateja maelezo ya kulifungua gari, nao wakayafuata kutoka mwisho hadi mwanzo. Wasomaji watatabasamu, nami pia hutabasamu, lakini kisa hicho kinatuonyesha mapema tabia ya mtu huyu. Kila penye kanuni, yeye aliitafuta nafasi iliyobaki kati ya maneno yake.

Sasa nije kwenye hewa, maana hapo ndipo somo lenyewe lilipo. Mtu yeyote aliyewahi kuendesha baiskeli kuteremka mlima anajua kwamba akiinama juu ya usukani baiskeli huongeza mwendo, na akiketi wima hupungua. Uzani wake haujabadilika, wala mteremko. Kilichobadilika ni umbo analoiwekea hewa. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi: ukizidisha mwendo mara mbili, hewa hukurudisha nyuma kwa nguvu mara nne. Na kwa kuwa nguvu hiyo inapaswa kushindwa kwa mwendo uliozidi mara mbili, kazi inayodaiwa kwa injini kila sekunde huwa mara nane. Ndiyo maana wepesi peke yake hautoshi. Wepesi husaidia zaidi gari linapoondoka na linapopanda mlima, lakini kwenye barabara iliyonyooka, likiwa mbioni, adui mkubwa ni hewa.

Chapman alilifahamu jambo hilo, na alifahamu pia kwamba yeye mwenyewe hakuwa bingwa wa aerodinamiki, yaani elimu ya mwenendo wa hewa inapopita kwenye vyombo. Alimwendea Frank Costin, mhandisi wa kampuni ya ndege ya de Havilland, ambaye ndugu yake Mike alikuwa akifanya kazi Lotus. Mwaka 1954 Costin alilichorea gari la Mark VIII bodi la alumini lililofunika magurudumu na kuchongoka polepole kuelekea nyuma. Alibandika nyuzi za sufu kwenye bodi ili aone hewa ilikopita vizuri na ilikovurugika. Uzi ukilala kimya juu ya bodi, hewa imeshikamana nalo. Uzi ukipepesuka, hapo hewa imejitenga na kuanza kuzunguka ovyo. Chombo hicho cha utafiti hakihitaji mkopo wa benki, na mwalimu yeyote wa Sigalagala anaweza kukipata kwa fundi cherehani. Mwaka huo huo, uwanjani Silverstone, Chapman mwenyewe aliliendesha gari hilo akalishinda gari la kiwanda la Porsche.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kudhani kwamba hewa hushindwa na pua iliyochongoka. La hasha. Pua ya mviringo hutosha kabisa. Hewa hudai deni lake nyuma, pale bodi linapokatika ghafla na kuacha pengo ambalo hewa hulijaza kwa misukosuko. Chunguza umbo la samaki: kichwa ni kinene na mkia ni mwembamba.

Mwaka 1957 karakana ya Chapman ilitoa magari mawili yanayofaa kuwekwa sambamba darasani. La kwanza ni Lotus Seven, gari la wazi la watu wawili lililouzwa kwa vipande, jepesi mno, na lenye umbo ambalo hewa hulichukia. Magurudumu yake ya mbele yako nje, kioo chake cha mbele kimesimama wima, taa zimechomoza, na nafasi ya abiria ni shimo tupu. La pili ni Elite, lililokuwa na paa, na ambalo bodi na chesisi yake vilikuwa kitu kimoja cha faibaglasi. Wahandisi hupima ubora wa umbo kwa namba: kadiri namba ilivyo ndogo, ndivyo hewa inavyopita kwa urahisi. Namba ya Elite ilikuwa 0.29, na ya Seven hukadiriwa kuwa karibu 0.7. Hayo ni magari ya fundi mmoja na ya mwaka mmoja, lakini umbo la moja lilikuwa na ukinzani zaidi ya mara mbili ya umbo la jingine. Elite, kwa injini ya lita 1.2 tu, ilifikia takriban kilomita 180 kwa saa.

Je, gari la mfano wa Seven laweza kurekebishwa? Laweza, na wapenzi wake wamekuwa wakilirekebisha kwa miongo mingi, maana kampuni ya Caterham iliyonunua haki za kuliunda mwaka 1973 imeendelea nalo. Kioo kirefu cha mbele huondolewa, kikawekwa kipande kifupi cha kuupitisha upepo juu ya kichwa cha dereva. Kiti cha abiria hufunikwa kwa turubai lililokazwa. Madigadi mapana ya mbele huondolewa, yakawekwa membamba yanayofuata gurudumu, kwa sababu yale mapana hukusanya hewa chini yake na kuinua pua ya gari mwendo unapozidi. Sakafu hufunikwa kwa bamba tambarare ili hewa isigote kwenye mabomba. Hewa iliyopita kwenye rejeta huwekewa njia ya kutokea, isibaki ikizunguka ndani ya boneti. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayomshinda mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye mkasi wa mabati na subira.

Angalia hata hivyo neno nililolitumia: kuinua. Hewa hairudishi gari nyuma tu. Huweza kulipunguzia uzani magurudumuni hadi usukani ukawa mwepesi mkononi, na gari jepesi ndilo la kwanza kuathirika. Chapman, mtu wa wepesi, alilitambua hilo akaligeuza. Kama hewa yaweza kuinua gari, basi bawa la ndege likipinduliwa laweza kuligandamiza chini, na magurudumu yakaishika barabara bila gari kuongezwa uzani. Mwaka 1968 Lotus ilikuwa miongoni mwa timu za kwanza kutia mabawa kwenye magari ya Formula One. Miaka ya sabini wahandisi wake waligundua, walipokuwa wakijaribu gari dogo la mfano katika handaki la upepo, kwamba tumbo lote la gari laweza kuumbwa kama bawa lililopinduliwa na kufyonzwa kuelekea ardhini. Ugunduzi huo ulizaa gari la Lotus 79, ambalo Mario Andretti alilitumia kutwaa ubingwa wa dunia mwaka 1978. Kwa jumla Lotus ilinyakua ubingwa wa waundaji mara 7 enzi za uhai wa Chapman.

Kama ningekomea hapa, wasomaji wangepata hadithi tamu, lakini nusu yake ingekuwa imefichwa.

Mwaka 1960, katika mazoezi huko Spa, Ubelgiji, gurudumu lilichomoka kwenye Lotus ya Stirling Moss, naye akavunjika miguu yote miwili. Siku iyo hiyo usukani wa Lotus ya Mike Taylor ulikatika, akaumia vibaya, na baadaye akaishtaki kampuni na kushinda. Mwaka 1969 huko Barcelona, mabawa marefu ya magari mawili ya Lotus yalivunjika katika shindano moja. Madereva wote wawili, Graham Hill na Jochen Rindt, walinusurika kwa tundu la sindano. Rindt alimwandikia Chapman barua ya kumsihi aziimarishe sehemu dhaifu, hata ikiwa gari litaongezeka uzani kidogo. Mnamo tarehe 5 Septemba 1970 Rindt alikufa huko Monza. Gari lake lilikuwa limetolewa mabawa ili liende kasi zaidi kwenye barabara iliyonyooka, na mtaimbo wa breki ya mbele ukakatika. Alikuwa na pointi nyingi kiasi kwamba akatawazwa bingwa wa dunia akiwa tayari kaburini.

Sisemi kwamba Chapman aliwaua watu hao. Mbio za magari za enzi hiyo ziliwameza madereva wa timu nyingine pia, na kila dereva alijua alichokuwa akikiendea. Inajulikana vilevile kwamba kifo cha Jim Clark, dereva aliyekuwa rafiki yake mpenzi, mwaka 1968, kilimsononesha mno. Ninachosema ni kwamba uhandisi una kitu kiitwacho akiba ya usalama, yaani ule uimara wa ziada anaouacha fundi kwa ajili ya shimo asiloliona, chuma chenye ufa na siku asiyoitarajia. Kwa macho ya mtu mwenye njaa ya wepesi, akiba hiyo hufanana sana na uzani wa bure. Kosa kubwa ni kushindwa kuvitofautisha viwili hivyo.

Mwisho wake ulikuwa wa kusikitisha. Mwaka 1978 kampuni yake ilichukua kazi ya kulitengeneza gari la John DeLorean, mradi uliogharimiwa na serikali ya Uingereza ili uwapatie watu kazi huko Ireland ya Kaskazini. Mamilioni ya dola yalipitishwa kwenye kampuni iliyosajiliwa Panama na hayakufika yalikokusudiwa. Chapman alifariki kwa ugonjwa wa moyo usiku wa kuamkia tarehe 16 Desemba 1982, akiwa na umri wa miaka 54, kabla ya kuulizwa maswali mahakamani. Aliyekuwa msimamizi wake wa fedha, Fred Bushell, alifungwa mwaka 1992, na jaji akasema wazi kwamba Chapman angekuwa hai angefungwa kwa muda mrefu zaidi. Yule aliyeitafuta nafasi kati ya maneno ya kanuni ya kodi, hatimaye aliutafuta upenyo hata kwenye amana ya umma.

Kwa nini nawasimulia walimu na wanafunzi wa Kenya habari hizi? Kwa sababu nasi tumewahi kuwa na ndoto ya gari letu. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, hata likiwa na sura mbaya au mwendo wa polepole. Magari 5 ya majaribio yaliundwa, yakapewa jina la Nyayo Pioneer, yakaonyeshwa hadharani mwaka 1990. Yalifikia kilomita 120 kwa saa, na hayo si mafanikio ya kudharauliwa. Shirika la kuyaunda kwa wingi likaanzishwa, lakini fedha hazikupatikana na gari halikufika sokoni.

Kuhusu mradi huo nina maoni mawili. Kwanza, tulianza na shirika kubwa kabla ya kuwa na karakana ndogo mia moja zinazojua kazi. Chapman alianza na Austin kuukuu, akauza vipande kwa wapenzi wachache, na kila gari lilimfunza jinsi ya kuunda lililofuata. Pili, sura na mwendo si mambo mawili mbalimbali kama tulivyodhani. Sura mbaya mbele ya hewa na mwendo wa polepole aghalabu ni ugonjwa mmoja, na tiba yake hupatikana kwa kalamu kabla ya kupatikana kwa pesa.

Kwa hivyo nawapendekezea walimu wa vyuo vyetu vya ufundi, nikianzia hapa Sigalagala, wawape wanafunzi kazi ya kuunda gari moja dogo na jepesi la wazi. Waanze kwa fremu ya mabomba. Wabandike nyuzi za sufu kwenye bodi, waliendeshe kwenye uwanja uliofungwa, wapige picha, wakate bati, wajaribu tena. Wapime umbali ambao gari huserereka injini ikiwa imezimwa, kabla na baada ya kila badiliko, maana tofauti ya umbali huo ndiyo itakayowaambia kama hewa imekubali au imekataa. Gari lisitiwe barabarani kabla ya kukaguliwa kisheria.

Wakati wa kutoa alama, nawasihi walimu wasitazame saa peke yake. Kwa kila kipande kilichoondolewa au kupunguzwa, mwanafunzi aandike katika daftari kilikuwa kikifanya kazi gani, na nani ataumia kikikosekana. Mwanafunzi atakayeacha kilo mbili zaidi kwenye usukani na breki, akaeleza kwa hesabu sababu ya kuziacha, apewe alama za juu kuliko yule aliyeziondoa na kushinda mbio. Na daftari la matumizi ya fedha za mradi likaguliwe pamoja na daftari la hesabu za vyuma, siku moja, na mwalimu yule yule.